Uzi wa Palkit

Padum, 28 Juni 1987

Motup wangu,

Nimefika! Mifupa yote ipo, ila makalio nimeyaacha kwenye lori la Sadiq. Tangu uliponishusha kwenye tingatinga lako kule juu kwenye njia ya mlima ya Pensi na kunipakia kwake, sikuacha kugeuka nyuma. Sadiq akaniambia, "Dada, ukiendelea hivyo shingo itabaki huko huko. Mumeo anafukua theluji, hapotei." Nikamwambia yeye hajui kupenda. Akasema ana watoto saba.

Kwenu ni kuzuri mpaka naionea wivu miaka yote uliyoishi hapa bila mimi. Huo mto ulivyo na rangi! Na shayiri, upepo ukipita, kama mtu anayepapasa manyoya ya mnyama aliyelala. Nilisimama uwanjani nikasema kwa sauti, "Hapa ndipo alipojifunza kutembea," na kuku mmoja akanitazama vibaya. Mama alinishika mashavu kwa mikono miwili akalia. Alisema kama njia isingekuwa imefungwa angekuja Saspol kwa miguu kuiona harusi yetu.

Sasa huyu shemeji yako Palkit, mjane wa marehemu kaka Norphel. Hukuniambia kwamba ni mzuri namna hii. Ndiye aliyenimiminia chai. Akaniambia, "Motup hunywa vikombe vitano asubuhi, cha sita hukiacha nusu." Mimi mkeo wa wiki tatu nilikuwa sijawahi kuhesabu. Funguo za ghala ziko kiunoni mwake. Akitembea utamsikia kabla hujamwona. Na chumbani kwako nimekuta soksi mpya, jozi nne, za sufu nyeupe, saizi yako kabisa. Nikauliza nani amezifuma. Mama akasema, "Nani tena?" akaendelea kusukasuka maziwa.

Jana nilikwenda mferejini kuchota maji. Yuko mwanamke mmoja wa jirani, Angmo, mwenye jino la dhahabu. Aliponiona tu akapaza sauti, "Karibu, mke mwenza!" Wakacheka wote, mmoja mpaka ndoo ikammwagikia miguuni. Nami nikacheka, maana mgeni asiyecheka ndiye anayechekwa. Huo ni utani wa kwenu? Niambie, nijue wakati wa kucheka.

Nimelala na shati lako. Usilidai.

Wako, wako, wako,
Kunzes


Kambi ya Pensi, 3 Julai 1987

Kunzes wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, mara moja nikiwa juu ya tingatinga linatembea, hadi msimamizi akanipigia filimbi. Huku theluji imeporomoka tena pale pale tulipoisafisha. Tunachimba kama panya.

Hao wa mferejini wana midomo tangu nilipokuwa mtoto. Waache wacheke, watachoka. Palkit ni mtu mwema. Msaidie zamu ya maji, mwili wake hauna nguvu kama anavyojionyesha. Na soksi ni soksi tu, mpenzi.

Nitakuja wakati wa mavuno. Ukiona wingu jeupe upande wa Pensi, hiyo ni pumzi yangu.

Motup wako


Padum, 9 Julai 1987

Motup,

Soksi si soksi tu.

Jana tulikuwa tunapalilia njegere, mimi na Angmo mstari mmoja. Akaniuliza, "Bi harusi, unajua kwa nini tunakuita mke mwenza?"

Nikasema, "Kwa utani."

"Utani nusu. Harusi ya Palkit nilikuwepo, mimi ndiye niliyebeba mtungi wa pombe. Mabwana harusi walikuwa wawili kwenye zulia moja. Mkubwa na mdogo. Mdogo naye alifungwa kitambaa cheupe shingoni kama kaka yake."

"Mdogo yupi?"

"Kwani nyumba ile ina wadogo wangapi?" akasema, akang'oa gugu na kulitupa begani kwangu.

Motup, mimi si mtoto. Bibi yangu mwenyewe kule Saspol aliolewa na ndugu watatu, na sisi wajukuu tulikuwa tukigombana babu yupi ni wa nani. Najua kwamba nyumba ikiwa na mke mmoja mashamba hayakatwi vipande. Lakini Bibi ni wa zamani. Wewe una leseni ya tingatinga!

Sasa ninaelewa kwa nini funguo hazitoki kiunoni mwake. Ninaelewa kwa nini ananitazama mikono nikikanda unga, na kwa nini Mama akiita "mke wa Motup" tunageuka wote wawili. Ndiyo, tuligeuka wote wawili! Yeye akaondoa macho, mimi nikaungua. Leo asubuhi nilimkuta anaanika shuka la kitanda chako. Nikamnyang'anya nikaanika mwenyewe. Akasema, "Umelianika kichwa chini." Shuka lina kichwa?

Nikilala kitandani kwako najiona mgeni aliyeingia nyumba ya watu. Kwa hiyo nijibu. Wewe ni mume wa nani? Anza kwa neno moja, maelezo yafuate. Kama neno lenyewe si mimi, lori la Sadiq hurudi kila wiki, na mizigo yangu si mingi.

Kunzes


Kambi ya Pensi, 15 Julai 1987

Wako.

Hilo ndilo neno. Sasa maelezo, na unisamehe nimechelewa nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa bado hai, akaniambia kaa hapa, nikakaa. Wakanifunga kitambaa. Nilikula aprikoti kavu nyingi mno nikalala kwenye goti la Palkit kabla hawajamaliza kuimba, na kesho yake nikapelekwa mlimani kuchunga mbuzi. Hicho ndicho nilichokifaidi katika harusi yangu ya kwanza. Chumbani kwake sijawahi kuingia. Alikuwa mke wa Norphel, na Norphel alimpenda, na mimi nilikuwa mtoto anayefutwa kamasi.

Majira ya baridi ya mwaka juzi Norphel alishuka Leh kuuza siagi, kwa njia ya barafu juu ya mto. Barafu ikavunjika korongoni. Walirudi wenzake watatu na mzigo wake. Mwili haukupatikana.

Unajua desturi. Mjane hufungwa uzi kidoleni, ncha ya pili kidoleni mwa maiti, lama wa hekaluni anaukata, na mwanamke anakuwa huru kwa marehemu na kwa ndugu zake wote kwa mara moja. Lakini uzi ungefungwa wapi? Kwenye maji? Basi Palkit hakufunguliwa. Mama akasubiri siku za maombolezo ziishe, akaniambia, "Wewe ndiye mume wa nyumba sasa." Nilikunywa chai, nikaondoka, nikaomba kazi ya barabara. Nilikimbia, Kunzes. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungesema, "Rudi kwanza ukamalize ya kwenu." Na ungekuwa na haki.

Usipande lori. Nakuomba.

Motup


Padum, 22 Julai 1987

Motup,

Mimi ni Palkit. Mwandiko ni wa mkeo, kwa sababu shule mimi niliiona kwa nje tu. Nimemwomba aniandikie, amekubali bila kupenda. (Ni kweli. Kunzes.) Nimekaa mbele yake natazama mkono wake.

Mwaka juzi ulipoondoka hukusema neno. Ulivaa viatu ukatoka kama mtu anayekwenda kumwangalia punda. Tangu hapo mimi ni nani katika nyumba hii? Mjane si mjane, maana sikufunguliwa. Mke si mke, maana mume amekimbilia mashine. Kina Angmo wanacheka, na mimi nacheka nao, maana nisipocheka watanionea huruma.

Umeoa, sikulaumu. Lakini nilipomwona huyu mtoto akishuka kwenye lori, na mashavu yake mekundu kama tufaha, nilitaka kumwaga chai niliyoishika. (Amesema niandike hivyo hivyo. Naandika.) Kukamua hajui. Ng'ombe wetu dzomo akimwona anageukia ukuta. (Alinipiga teke mara moja tu!) Ila si mwizi, si mvivu, na unga anakanda vizuri kuliko nilivyotegemea. (Asante.)

Soksi sitakufumia tena. Mguu wako ni ule ule wa Norphel, mikono ilikuwa inajiendea yenyewe.

Nataka uje, ukae mbele yangu na mbele ya Mama, useme. Lama wa Karsha anasema uzi unaweza kufungwa kwenye kidole cha ndugu aliye hai, akiwa amevaa nguo ya marehemu. Kama ni hivyo, iwe hivyo. Mimi si jiwe la mpaka, kwamba nikae tu pale mliponiweka.

Hapa chini ni kidole gumba changu, nimekichovya masizi ya sufuria.

Palkit


Kambi ya Pensi, 27 Julai 1987

Kunzes, ua langu,

Nimecheka na nimelia. Sikutegemea Palkit angekuwa mwepesi hivi! Kumbe muda wote huu nilikuwa namkimbia mtu ambaye naye anataka kuwa huru. Msomee haya: nimepata ruhusa, nitafika tarehe 12 Agosti, uzi utakatwa, na kila mtu ashike njia yake kwa amani.

Na wewe, mwandishi wa barua za watu, ulipoandika maneno yake kwa mkono wako nilikupenda upya. Moyo gani huo ulionao?

Motup wako


Padum, 31 Julai 1987

Motup,

Usinisifu. Soma kwanza.

Nilimsomea barua yako. Alikuwa anachambua sufu. Nilipofika mwisho akauliza, "Halafu?"

"Basi, Dada. Imeisha."

"Kile nilichosema mwisho, hakukijibu?"

"Hakukijibu."

Kisha akachukua kikapu akapanda juu ya paa kugeuza mavi ya ng'ombe yakauke. Tulikuwa tumeyageuza asubuhi, mimi na yeye. Akayageuza yote tena, moja moja, mpaka Mama akatoka uwanjani akasema, "Palkit, mwanangu, yamekufanya nini?"

Hukukijibu kwa sababu hukukiona. Baada ya maneno ya jiwe la mpaka, kabla ya kidole, alisema hivi: "Lakini kama wewe mwenyewe ukisema nikae nyumba hii kama mke, nitakaa, wala uzi usikatwe."

Sikuandika. Niliitembeza kalamu hewani, karibu kabisa na karatasi, ili aone mkono unakwenda. Nikaweka hata nukta. Akachovya kidole chake kwenye masizi akakigandamiza chini ya barua ambayo si yake, akaniambia, "Ahsante, mdogo wangu." Ndiyo mara yake ya kwanza kuniita hivyo.

Nina wivu, Motup. Nina wivu mpaka chai ina ladha ya wivu. Nikisikia funguo zinalia nasaga meno. Lakini sitaki kukupata kwa kalamu ya hewani. Nikikupata hivyo, kila siku ya maisha yangu nitamwona yuko juu ya paa.

Basi sasa umejua. Mwandikie yeye, usiniandikie mimi. Nitamsomea kila neno, hata kama neno lenyewe linanifungia mzigo. Kama ni kaa, sema kaa.

Bado nakupenda, na hilo ndilo baya zaidi.

Kunzes


Kambi ya Pensi, 5 Agosti 1987

Dada Palkit,

Barua hii atakusomea Kunzes. Amenieleza lile neno lako la mwisho ambalo halikuandikwa. Usimkasirikie yeye, kama mimi ningesema mapema, asingekuwa na la kuficha.

Uliuliza, nami najibu. Siwezi kusema ukae kama mke. Mke wangu ni huyu anayekusomea. Mimi kwako nimebaki yule mtoto wa kuchunga mbuzi, na nisingejua kuwa kitu kingine. Nisamehe kwa miaka miwili ya kimya. Ulistahili kuambiwa usoni, na nitakuja kukuambia usoni.

Lakini usiende kama mtu aliyefukuzwa. Shamba la juu, lile la karibu na mfereji, ni lako maisha yako yote, uzi ukatwe usikatwe. Nyumba ndogo ni yako ukiitaka. Mama nitamweleza mwenyewe.

Tarehe 12 nitaleta lama, na kidole changu.

Mdogo wako,
Motup


Padum, 24 Agosti 1987

Motup wa moyo wangu,

Siku tano tangu urudi Pensi, na nyumba imekuwa kubwa kama uwanja wa soko. Nimesubiri mpaka sasa kukuandikia haya kwa sababu Palkit aliniomba nisiseme kabla yeye hajaondoka nyumba hii, na safari hii niliona nimtii.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye "mke wangu ni huyu anayekusomea" nilitaka kurukaruka, nikajikaza nikasoma polepole, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. Nikamaliza. Nikangoja anipige. Palkit akaniangalia, kisha akaanza kucheka! Akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Huyu mtoto anadhani namtaka yeye?" akasema. "Kamasi zake nilizifuta mimi! Hata siku ile ya harusi zilinimwagikia kwenye joho jipya."

Nikamwambia, "Dada, sasa kwa nini ulisema utakaa kama mke?"

Kicheko kikamwisha. Akasema, "Mwili hawakuuona, Kunzes. Nimeambiwa barafu ilivunjika, sikuambiwa alikufa. Nikitoka nyumba hii, Norphel akirudi atanitafuta wapi?"

Motup, mimi ambaye nilimpokonya shuka, ambaye nilihesabu soksi usiku na mchana, nilimshika mkono. Akauacha kidogo, kisha akasema, "Haya, toka, unga utachacha."

Ndiyo maana siku ile nilikuwa na uso kama wa mtu anayeumwa jino, wewe ukadhani ni wivu. Ulikuwa wivu pia, sidanganyi! Ulipotoka chumbani na joho la Norphel, mkanda wake, kofia yake, Mama alishika nguzo. Mkakaa kwenye zulia, wewe na yeye, lama katikati, na nilipoona uzi unazunguka kidole chako, halafu unakwenda mpaka kidoleni mwake, nilikunja vidole vyangu vyote kumi. Ule uzi aliusokota mwenyewe, na aliusokota kwa mikunjo miwili. Lama akavuta, haukukatika. Akavuta tena. Angmo pale mlangoni akanong'ona, "Huyu ataondoka na kidole cha mtu," na hakuna aliyecheka.

Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa kama ulivyoagizwa, kwa hiyo hukuona. Mimi nilikuwa nimemkazia macho nikimvizia: akikutazama tu, nijue. Hakukutazama hata mara moja, Motup. Alikuwa anatazama mkono wa joho, pale penye kiraka. Na uzi ulipokatika, lama alipovuta mara ya tatu, ukasikia ile sauti. Wote tuliisikia. "Norphel!" Alimwita kama mtu aliye ng'ambo ya mto, anayeweza bado kusikia ukipaza. Mama anasema kwa miaka miwili hakuwahi kulitamka jina hilo kwa kulia. Siku hiyo alilia mpaka jua likahama dirishani, na wanawake wa mferejini wakaja wote, wakalia naye, kama kwenye msiba wa jana.

Jana amekwenda kwa kaka yake, kijijini Karsha. Shamba la juu amelikubali, nyumba ndogo amesema ataifikiria tukishavuna. Mlangoni aliniambia, "Dzomo umkamue huku unaimba. Kama huna sauti, piga mluzi." Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka bila kugeuka.

Sasa umekuwa wangu peke yangu mbele ya Mama, mbele ya lama, mbele ya jino la dhahabu la Angmo. Nilidhani siku hii nitacheza uwanjani. Nimekaa tangu asubuhi, nimegundua wivu bado ninao, ila umehama. Namwonea wivu Norphel. Ameitwa kwa sauti ile, na mke aliyeishi naye miaka kumi na miwili. Mimi nimekupata wiki kumi na moja tu, na nilidhani hakuna aliyewahi kupenda zaidi yangu.

Kwa hiyo sikiliza. Pensi ikifungwa kabla hujavuka, kaa huko huko. Usije kwa njia ya barafu. Usije hata nikikuandikia kwamba nakufa kwa hamu, kwa maana nitakuandikia hivyo, najijua. Ngoja masika, panda lori la Sadiq, chelewa, nikuchukie kidogo. Sauti ile ya Palkit huenda na mimi ninayo kooni. Sitaki kamwe kujua kama ninayo.

Mkeo,
Kunzes